Edith Clarke: yatima aliyetoka kwenye simu akaja kuishika gridi

Umeme ukikatika Magomeni, hapa Kilosa, neno la kwanza ni kwamba nguzo imeanguka. Mara nyingi ni kweli. Lakini zipo siku ambazo nguzo zote zimesimama, nyaya zote nzima, maji tele bwawani, na bado mikoa mingi inaingia gizani kwa pamoja. Siku hizo huwa kuna mitambo iliyopotezana mwendo. Mtu mmoja wa mwanzo kabisa kukaa chini na kupiga hesabu ya jambo hilo alikuwa mwanamke, Edith Clarke wa Marekani. Leo tunasimulia maisha yake, kwa sababu yanagusa umeme unaotoka Kidatu kwenda Morogoro, na hata treni ya umeme inayopita Kilosa.

Edith alizaliwa Februari 10, 1883, katika jimbo la Maryland, kwenye familia ya watoto tisa. Alikuwa na miaka 7 baba yake alipofariki, na miaka 12 alipofiwa na mama. Alipofika miaka 18 alipata fungu lake la urithi. Wapo ndugu walioona ni upuuzi, lakini yeye fedha ile akaipeleka shule. Akasoma hisabati na elimu ya nyota katika chuo cha Vassar, akamaliza mwaka 1908, kisha akafundisha miaka michache.

Mwaka 1911 alianza kusoma uhandisi wa ujenzi. Likizo iliyofuata akachukua kibarua katika kampuni ya simu ya AT&T, na hakurudi darasani. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga hesabu kwa mkono, kutwa nzima, kwa ajili ya mhandisi George Campbell. Wakati huo neno kompyuta lilikuwa jina la mtu anayefanya kazi hiyo, na wengi wao walikuwa wanawake. Baadaye Edith akawa msimamizi wao.

Tukae hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yake. Campbell alikuwa akihangaika na sauti inayofifia na kuharibika ikisafiri mbali kwenye waya. Waya mrefu una tabia zake: kinachoingia upande huu sicho hasa kinachotokea upande wa pili. Edith alijifunza hesabu za tabia hizo kupitia simu. Waya mrefu wa umeme mkubwa una tabia za jamaa hiyohiyo, kwa hiyo alipohamia kwenye umeme alikuja na ufunguo mkononi.

Mwaka 1919 alipata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT, mwanamke wa kwanza kuipata hapo. Kazi ya uhandisi lakini hakupewa. Kampuni ya General Electric ilimweka tena kusimamia wanawake wapiga hesabu, kwa mshahara na cheo visivyolingana na elimu yake. Wakati yuko hapo alibuni kifaa cha kupima kwa haraka hesabu za nyaya ndefu za umeme, kilichopata hataza mwaka 1925. Mwaka 1921 aliondoka, akaenda kufundisha fizikia katika chuo cha wanawake huko Istanbul, Uturuki. Aliporudi mwaka 1922 kampuni ileile ilimwajiri kama mhandisi kamili. Sisi tunaona kuondoka kwake ndiko kulikosema zaidi ya maombi yoyote.

Mwaka 1926 alisimama mbele ya chama cha wahandisi wa umeme wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuwasomea andiko lake. Mada ilikuwa uthabiti wa njia za kusafirisha umeme.

Fikiri wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja. Kila mchi una zamu yake, na mwendo wao ukilingana kazi inakwenda vizuri. Mmoja akichelewa kidogo, michi inagongana, na wote inabidi waache. Mitambo ya Kidatu, Kihansi na Bwawa la Julius Nyerere inatwanga kinu kimoja namna hiyo, kwa mapigo 50 kila sekunde. Edith alionyesha kwamba waya mrefu una kikomo cha umeme unaoweza kubeba. Ukikipita, mitambo ya upande huu inaachana mwendo na ya upande ule, hata kama hakuna kilichokatika.

Watwangaji wanaonana uso kwa uso. Kidatu na Dar es Salaam haviwezi kuonana, na hapo ndipo mawasiliano yanapoingia. Waongozaji wa Gridi ya Taifa wanahitaji kujua kila wakati mtambo gani unazalisha kiasi gani, njia ipi imeelemewa, na wapi wapunguze mzigo kabla mambo hayajaharibika. Habari hizo hupita kwa simu, redio, na nyuzi za kioo. Kwenye njia nyingi za msongo mkubwa, waya ule wa juu kabisa wa kukinga radi umebeba nyuzi hizo tumboni mwake, na baadhi ya nyuzi za TANESCO zinatumika pia katika Mkongo wa Taifa wa mawasiliano. Kwa hiyo nguzo moja inaweza kuwa na umeme na intaneti kwa pamoja.

Utegemezi huo una pande mbili. Mnara wa simu ukikosa umeme huishi kwa betri au jenereta, na vikiisha nao unanyamaza. Gridi nayo ikikosa habari inakwenda kama kipofu. Agosti 14, 2003, programu ya kutoa tahadhari iligoma kwenye chumba cha waongozaji huko Ohio, Marekani, na wao hawakujua. Nyaya zililegea kwa joto na kugusa miti, moja baada ya nyingine, na watu wa nje ndio waliokuwa wakipiga simu kuwauliza kulikoni. Kufikia jioni watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada hawakuwa na umeme.

Edith hakuyaona hayo. Alistaafu General Electric mwaka 1945, akanunua shamba Maryland akidhani amemaliza. Mwaka 1947 akaitwa Chuo Kikuu cha Texas, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha uhandisi wa umeme chuoni nchini kwao. Kitabu chake cha hesabu za gridi, cha juzuu mbili za 1943 na 1950, kilisomesha wahandisi wengi. Alifariki Oktoba 29, 1959, akiwa na miaka 76.

Jina lake limebaki kwenye kanuni moja, inayopunguza hesabu za njia tatu za umeme ziwe rahisi kushikika. Siku hizi hesabu hiyo haifanywi kwa kalamu. Inafanywa ndani ya mashine zinazoingiza umeme wa jua kwenye gridi, mara maelfu kwa sekunde.