Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa mizizi na mirathi

Wazazi wengi wa Karagwe na Kyerwa wamekwisha kumsikia mtoto wa sekondari akilalamika kwamba vipeuo vya pili havimfai chochote mtu atakayerithi kibanja cha migomba na kahawa. Ijumaa hii tumeona tueleze maisha ya mtu ambaye lalamiko hilo lingemshangaza, kwani vipeuo alivifundisha huku akiwafikiria warithi.

Naye ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Alizaliwa karibu na mwaka 780 Miladia, na nisba yake yaelekeza Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Habari za utoto wake ni chache mno. Tunamkuta akiwa mtu mzima mjini Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Huko alitengeneza majedwali ya nyota, akaandika kitabu cha jiografia, na akaeleza hesabu ya Kihindi inayotumia tarakimu tisa na sifuri. Kitabu hicho cha hesabu kilipofasiriwa kwa Kilatini, jina lake lenyewe likageuzwa na Wazungu likawa neno algorithimu, litumiwalo leo na mafundi wa kompyuta.

Hata hivyo, kilichomdumisha zaidi ni kitabu kifupi alichokiandika kwa kutiwa moyo na khalifa, juu ya al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kukiunga kilichovunjika, kama aungwavyo mtu mfupa. Humo ndimo lilimotoka neno aljebra. Katika dibaji alitaja haja za watu: mirathi, wasia, mashauri, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Karibu nusu ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi.

Alizigawa namba katika mafungu matatu: namba tupu, mzizi, na mraba wa mzizi huo, ambao aliuita mali. Neno ni hili hili letu la mali. Hesabu yake mashuhuri yauliza hivi: ni mraba gani ukiongezewa mizizi yake 10 hufikia 39? Yeye aliuchora mraba, akaubandika mistatili miwili pembeni, kila mmoja ukiwa na upana wa 5. Pembeni pakabaki pengo la 5 kwa 5, yaani 25. Akaliziba. Basi 39 na 25 ni 64, ambayo kipeuo chake cha pili ni 8. Toa 5, mzizi ni 3. Jibu la pili, hasi 13, hakulitaja, kwa kuwa hakuna shamba lenye upande wa hasi.

Turudi Karagwe, ambako tangu karne ya 19, zama za Mukama Rumanyika, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro. Tuseme mtu amefariki, madeni yake yamelipwa, akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, bila mrithi mwingine. Kibanja ni mraba wa mita 100 kwa 100. Kwa mujibu wa Suratun-Nisaa mke ana thumuni, na kinachobaki mwanamume hupata fungu mara mbili ya mwanamke. Mafungu ni 24: mke 3, mwana 14, binti 7. Tukikata vipande kwa upana, mama anapata mita 12.5 kamili. Binti anapata mita 29.1666, na 6 hizo hazikomi, mwana 58.3333, na 3 nazo hazikomi. Asije mtu akasema kwamba kwa kuwa desimali haikomi basi haki haijulikani, akampunja mjane au binti: 7 kwa 24 ni sehemu iliyo wazi kabisa. Namba zote za mirathi ni za aina hii, ziandikwazo kama sehemu, ama desimali zake zikome ama zijirudie.

Sasa warithi hao wakitaka njia ya kukatiza kutoka pembe hadi pembe ya pili, urefu wake ni mara 100 ya kipeuo cha pili cha 2, yaani mita 141.42135 na kuendelea, bila kukoma na bila kujirudia. Jaribu 7 kwa 5: mraba wake umepunguka 2 kwa moja ya 25. Jaribu 17 kwa 12: umezidi kwa moja ya 144. Hakuna sehemu itakayofika. Wanahisabati wa Kiarabu waliuita mzizi wa namna hii asamm, yaani kiziwi. Na bado njia hiyo ipo, mtu huipita kwa miguu. Ndiyo maana namba hizi na zile za sehemu kwa pamoja huitwa namba halisi.

Al-Khwarizmi mwenyewe aligusa mizizi hiyo alipopima duara, ambapo miongoni mwa makadirio yake matatu ya uwiano wa mzingo na kipenyo aliweka kipeuo cha pili cha 10. Alifariki karibu na mwaka 850. Baada yake Abu Kamil wa Misri akaishika mizizi viziwi, akaijumlisha na kuizidisha kama namba nyingine yoyote.