Ham Mukasa: Alisoma kwa hatari, akaandika hadi uzeeni

MIMI ni mkazi wa Mulago, mtaa wa Kampala ambao wengi huujua kwa sababu ya hospitali yake kuu iliyoanza mwaka 1913. Wanafunzi wa udaktari wa Makerere wana maktaba yao hapa, yenye jina la Sir Albert Cook. Hata hivyo, baadhi ya wazazi wenzangu huamini kwamba kitabu kisichotoka kwenye mtihani ni kumpotezea mtoto wakati. Wakiniuliza kwa nini nawanunulia wanangu vitabu vya hadithi, huwasimulia maisha ya Ham Mukasa.

Mukasa alizaliwa yapata mwaka 1870 katika ufalme wa Buganda. Angali kijana, akawa mmoja wa watumishi wa ikulu ya Kabaka, na ni katika mazingira hayo alikojifunza kusoma. Wamishonari wa Kianglikana walikuwa wamefika mwaka 1877. Kwa kuwa hapakuwa na kitabu kilichochapwa kwa Kiluganda, walianza kufundisha kwa maandiko ya Kiswahili yaliyotafsiriwa Zanzibar na Askofu Edward Steere. Lugha yetu basi ina sehemu yake katika habari hii.

Kusoma wakati huo hakukuwa mchezo. Kwa Waganda, msomi alikuwa ni mfuasi wa dini mpya, na Kabaka Mwanga, aliyetawazwa mwaka 1884, aliwashuku watu hao. Mwaka 1886 vijana wengi wa ikulu waliuawa kwa kuchomwa moto huko Namugongo. Mukasa alinusurika, na hakuacha kusoma. Alexander Mackay naye aliendelea kuchapa kwa mtambo wake Natete, na mwaka 1887 Injili ya Mathayo ikapatikana kwa Kiluganda.

Zikafuata vita vya dini. Mukasa alijeruhiwa mguu, akabaki akichechemea. Lakini kalamu haihitaji miguu. Miongoni mwa maandishi yake ya awali ni ufafanuzi wa Injili hiyo hiyo ya Mathayo, kwa Kiluganda. Kitabu kilichowafungua macho vijana wa rika lake, yeye sasa alikuwa akiwafafanulia wengine.

Mwaka 1902 alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Walivuka ziwa, wakapanda reli mpya hadi Mombasa, kisha meli. Sherehe ilipangwa kufanyika Juni, lakini mfalme akaugua, ikaahirishwa hadi Agosti 9. Mukasa aliandika habari za safari hiyo kwa Kiluganda, na mwaka 1904 tafsiri ya Kiingereza ya Ernest Millar ilichapwa London. Wazungu walikuwa wamezoea kuandika juu ya Afrika. Safari hii Mwafrika ndiye aliyewatazama wao na kuandika.

Kuanzia mwaka 1905 hadi 1935 alikuwa Sekibobo, yaani chifu wa Kyaggwe. Kazi ya kutawala huwamaliza wengi, lakini yeye alipostaafu alirudi mezani. Mwaka 1938 na 1942 zilitoka juzuu za Simuda Nyuma, jina lenye maana ya kutorudi nyuma, zikieleza enzi za Kabaka Mutesa na Mwanga alizozishuhudia akiwa kijana. Alifariki mwaka 1956.

Nikiyatazama maisha hayo, naona jambo moja. Mukasa hakusoma ili apate cheti, kwani cheti hakikuwapo. Alisoma kwa kiu, tena wakati kusoma kungeweza kumgharimu roho, na kiu hiyo haikukauka kwa miaka zaidi ya 50. Leo hakuna anayechomwa moto kwa sababu ya kitabu. Adui wa msomaji mchanga huenda ni sisi wazazi, tunaomnyang'anya hadithi mkononi na kumrudishia maswali ya mtihani. Mzazi mwenzangu, mwachie mtoto kitabu chake.