Mjue James Mbotela, Msee wa Freretown Aliyeandika Stori ya Watumwa wa Kisauni

Ukisikia jina Mbotela, najua akili yako inakimbilia wapi. Unamfikiria Leonard Mambo Mbotela, ile sauti ya redio ya Je, Huu ni Ungwana?, yule mtangazaji aliyelazimishwa na wanajeshi kusoma tangazo la mapinduzi Agosti 1, 1982. Au kama umewahi kuhustle Nairobi, unafikiria mtaa wa Mbotela kule Eastlands. Hapo hujakosea. Lakini kuna Mbotela mwingine aliyewatangulia, na huyo wengi wetu tunaoshinda Kisauni kutwa hatumjui hata kwa jina.

Anaitwa James Juma Mbotela. Mzee alishatuaga kitambo, ila mwaka 1934 alitoa kitabu kinaitwa Uhuru wa Watumwa. Walimu wa fasihi wakianza kubishana ni nani aliandika riwaya ya kwanza ya Kiswahili, jina lake lazima litajwe. Piga hesabu mwenyewe: Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka 1951. Mbotela alikuwa amepita hapo miaka 17 mapema.

Na stori yenyewe haina wafalme wala majini. Ni ya watu wa kawaida kabisa, walioamka asubuhi wakiwa na nyumba, mashamba na majirani, na jua likazama wakiwa wamefungwa pamoja njiani na hawajui wanapelekwa wapi. Tulia nikupe yote.

Majina matatu, safari tatu

Anza na jina lake, maana humo ndani kuna historia nzima. James ni jina la ubatizo, la misheni. Juma ni jina la huku kwetu pwani. Mbotela ni la bara, upande wa Ziwa Nyasa, ile nchi leo tunaiita Malawi. Mtu mmoja, majina matatu, na kila jina lina safari yake.

Babake alikuwa mmoja wa watu walionaswa huko bara, wakauzwa, kisha wakakombolewa. Hakuja Mombasa kutafuta kazi. Aliletwa.

Ili uelewe, rudi nyuma kidogo hadi karne ya 19. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yanataka mikono. Mashamba ya nafaka ya Malindi na Mombasa pia yanataka mikono. Ng'ambo Uarabuni kuna mashamba ya mitende. Basi misafara inaingia bara hadi Ziwa Nyasa. Wengine walitekwa vitani, wengine waliuzwa na watu wao kwa sababu ya deni au njaa, wengine walidanganywa tu wakafuata. Kutoka huko ni mguu mpaka Kilwa, wiki baada ya wiki. Aliyechoka akashindwa kutembea, mara nyingi hakufika.

Kilwa ndio unaingizwa kwenye jahazi. Wewe unalalamika mathree ikibeba watu kumi wa ziada kutoka Kongowea kwenda Mtwapa. Humo ndani watu walipangwa kama magunia, baharini, siku kadhaa, maji ya kunywa ya kupimiwa.

Halafu kikaja kitu cha ajabu. Juni 5, 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba na Waingereza, soko la watumwa Unguja likafungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Kuanzia hapo manowari za Waingereza zikawa zinasaka majahazi. Moja, HMS London, ilitia nanga Zanzibar kuanzia 1874 ikakaa hapo hadi 1883 kwa kazi hiyohiyo.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mtoto wa Kiyao aliye chini ya jahazi. Hajawahi kuona bahari. Wenye chombo wamemwambia kwamba Wazungu hula watu. Ghafla mizinga inalia, chombo kinasimamishwa, na hao Wazungu wenyewe ndio hao wanapanda. Watu wengi waliokombolewa walitetemeka mbele ya waliokuja kuwaokoa. Ukikutana na stori kama hiyo leo kwenye filamu, utasema mwandishi ameongeza chumvi. Hapa ndio maisha yenyewe.

Kisauni kabla ya Kisauni yako

Swali likawa, hawa watu wapelekwe wapi? Kuwarudisha kwao ilikuwa ngumu. Vijiji vingine vilikuwa vimechomwa, na njia ya kurudi ilikuwa ileile ya wasakaji.

Hapo ndipo Kisauni inaingia. Kasisi William Salter Price wa shirika la kimisheni la CMS alifika Mombasa mwisho wa 1874, na mwaka uliofuata shirika likawa limepata ardhi bara, ng'ambo ya kisiwa. Wakaiita Freretown, kwa heshima ya Sir Bartle Frere, yule Mwingereza aliyetumwa Zanzibar kushinikiza ule mkataba. Kwa hivyo hilo jina unaloliona kwenye kioo cha mathree kila siku limetoka hapo.

Price hakuja peke yake. Kulikuwa na Waafrika waliokuwa wamekombolewa zamani wakalelewa India, karibu na mji wa Nasik. Hao walijua Kiingereza, useremala, uhunzi na kusoma, na ndio wakawa walimu na viongozi wa kijiji kipya. Mmoja aliyefundisha Freretown ni Jacob Wainwright, yule aliyesindikiza mwili wa David Livingstone hadi London ukazikwa Aprili 1874. Ndio, jamaa aliyefundisha hapo Kisauni alikuwa amesimama kwenye mazishi ya Westminster Abbey.

Walioteremshwa Freretown hawakuwa kabila moja. Kulikuwa na Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi. Hawakuelewana lugha, hawakushirikiana mila, na wengi hawakuwa na hata ndugu mmoja karibu. Kiswahili ndicho kikawaunganisha. Watu wa mjini wakawaita Wamisheni.

Na usidhani Freretown ilikuwa pepo. Watumwa waliotoroka mashambani walikuwa wakikimbilia misheni, hapo na kule Rabai, na wenye mashamba wakachemka. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Freretown. Ile kengele iliyoipa steji ya Kengeleni jina lake inakumbukwa kwa sababu hiyo: ikilia, watu wajue hatari imekaribia. Ndani ya misheni nako kulikuwa na viboko. Msimamizi mmoja, J. R. Streeter, aliadhibu watu vikali hadi uchunguzi ukafanywa na akaondolewa mapema miaka ya 1880. Umetoka kwa mjeledi wa msafara, unakutana na fimbo ya misheni.

Suala la watoro lilitulia kiasi Januari 1, 1889, wakati Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipowalipa wenye watumwa, na watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vingine wakapewa vyeti vya uhuru. Lakini hii pwani yetu, utumwa uliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1907. Shika huo mwaka, tutaurudia.

Msee mmoja na kalamu yake

James Mbotela alizaliwa na kulelewa ndani ya kijiji hicho. Kizazi chake hakikuvaa mnyororo, lakini kililelewa na waliouvaa. Habari za kutekwa, za Kilwa, za jahazi na za manowari alizipata kwa watu walioyapitia kwa miguu yao wenyewe.

Angalia sasa muda ulivyokuwa unawakimbia. Mwaka 1930 chuo cha makasisi kilichoanzia Freretown 1903 kilihamishiwa Limuru. Ndicho leo Chuo Kikuu cha St Paul's. Mwaka 1931 daraja la kuelea la Nyali likafunguliwa, na bara ikashikana na mji. Matthew Wellington, mmoja wa waliobeba mwili wa Livingstone, alifariki Mombasa 1935. Wazee waliokuwa na hii stori kichwani walikuwa wanaisha. Uhuru wa Watumwa ilichapwa London na Sheldon Press mwaka 1934, wakati bado kuna waliobaki wa kusimulia. Ingechelewa miaka kumi, tungekuwa tunasoma ripoti za Wazungu peke yake.

Ndani ya kitabu anakupeleka hatua kwa hatua: maisha ya bara kabla ya balaa, kutekwa, safari ya kwenda pwani, bahari, kukombolewa, kisha kuanza maisha upya Freretown. Anatumia majina ya watu halisi na mambo yaliyotokea, lakini anayasimulia kama hadithi ya mtu aliyekaa barazani. Ndiyo maana wasomi hawajamaliza ugomvi. Wengine wanasema ni riwaya, wengine wanasema ni historia, wengine wanaiweka katikati. Wewe msomaji hilo lisikusumbue. Mwaka 1956 kilitoka kwa Kiingereza pia, kwa jina The Freeing of the Slaves in East Africa.

Mbona wengine wanamlaumu?

Hapa lazima tuambiane ukweli. Kitabu hiki kimepigwa mawe sana. Lawama kubwa ni kwamba Mbotela anawasifu Waingereza kupita kiasi, na Waarabu anawabebesha mzigo wote. Ukikisoma leo na akili za 2020 na kitu, kuna mahali utakunja uso.

Lawama ina msingi. Kumbuka ule mwaka 1907: Waingereza walishika pwani hii tangu mwisho wa miaka ya 1880, na utumwa ukaendelea kuwa halali chini ya macho yao kwa karibu miaka 20. Mbotela anatoa kitabu, Waafrika wa Kenya wanatembea na kipande shingoni na ardhi yao imechukuliwa. Pia biashara ile haikuwa ya kabila moja. Bara kulikuwa na machifu Waafrika waliouza watu, na Mombasa wenye watumwa walikuwa Waarabu, Waswahili na wengine.

Lakini mweke mzee kwenye mizani sawasawa. Babake alitolewa utumwani na manowari ya Mwingereza. Alisomeshwa na misheni. Mchapishaji wake alikuwa tawi la shirika la Kikristo la Uingereza. Mtu wa namna hiyo ungetegemea aandike nini mwaka 1934? Msome ukijua amesimama wapi. Kumkosoa unaweza, kumtupa ni hasara yako.

Ocha ni wapi?

Sababu ya mimi kukusumbua na haya yote ni hii. Desemba ikifika, steji za basi Mwembe Tayari hujaa. Kila mtu anaenda ocha. Mkamba ana kwao, Mluo ana kwao, Mtaita ana kwao. Sasa fikiria mtoto wa Freretown wa zamani. Ukimuuliza kwenu wapi, anakujibu hapa. Ukimuuliza kabla ya hapa, kuna jahazi, na kabla ya jahazi kuna njia ndefu ambayo hakuna aliyeiandika.

Kuitwa mtoto wa mtumwa ilikuwa tusi mjini, na ilitumika kumwonyesha mtu kwamba hana mizizi wala haki ya kudai kitu. Familia nyingi zilichagua kunyamaza. Zikabadilisha majina, zikajishikiza kwa makabila ya karibu, stori ikazikwa. Na pwani hii, ambako ugomvi wa shamba na hati haujaisha hadi leo, kukosa stori ya ulikotoka si jambo la kuchekea.

Mbotela alifanya kinyume. Lile neno watu walilolificha, yeye aliliweka juu ya jalada.

Na ukoo huo wa Freretown haukunyamaza tena. Tom Mbotela alipanda hadi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, akipinga siasa za kumwaga damu, na akauawa Nairobi Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Mtaa wa Mbotela umepewa jina lake. Leonard Mambo, mzaliwa wa Freretown, akaja na redio, akaongea na Kenya nzima kwa miaka mingi hadi alipofariki Februari 2025. Kutoka watu walionyimwa hata majina yao, hadi sauti iliyojulikana kila nyumba yenye redio.

Kwa hivyo ukiwa na nafasi, kitafute Uhuru wa Watumwa. Ulizia maktaba, ulizia mwalimu wako wa Kiswahili wa zamani, ulizia wauza vitabu vya mitumba. Na kama una nyanya au babu Freretown, Rabai au popote walikoketi Wamisheni, kaa naye jioni moja, simu weka kando, mwache aongee. Andika majina anayokutajia. Mbotela alianza na hayohayo tu: wazee waliokuwa hai, na mtu mmoja aliyekuwa tayari kuwasikiliza.