Mekatilili na Mkutano Uliokatazwa

Julai 2012, Mahakama Kuu ya Mombasa ilipobatilisha marufuku juu ya MRC, kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, mimi nilimkumbuka marehemu Mekatilili wa Menza. Yeye hakuwa na Katiba ya kushika.

Bibi huyu wa Kigiriama, mjane, hakubeba bunduki. Alicheza kifudu kijiji baada ya kijiji, na watu walipojaa akawahutubia: vijana wasitolewe kumfanyia Mzungu kazi, wala kodi isilipwe. Mwaka 1913, Kaya Fungo, wakala yamini. Nami sitaficha neno, wasomaji wangu: yamini ile ilimtisha hata Mgiriama mwenzao aliyeitumikia Serikali. Lakini kosa hasa, kwa nionavyo, lilikuwa ni ule mkusanyiko.

Oktoba alikamatwa, yeye na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwao. Agosti Serikali ikailipua kaya kwa baruti. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa. Bibi akakamatwa tena, asirejee hata 1919. Alifariki miaka ya 1920, akazikwa Bungale, upande wa Magarini.