Thomas Lewis: Bingwa wa Kutenganisha Mapigo ya Moyo

Kama umewahi kusimama pale Blue Posts mjini Thika, unajua kwamba kuna maporomoko mawili ya maji, ya Mto Chania na ya Mto Thika. Ukifumba macho, masikio hayakusaidii kitu, maana unasikia ngurumo tu. Hutajua ni mto upi unaovuma mpaka ufumbue macho na kwenda kuangalia. Nimeanza na maporomoko haya kwa sababu mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake alitumia sehemu kubwa ya ujana wake kufanya jambo hilo hilo, ila yeye hakuangalia mito. Aliangalia moyo wa binadamu.

Kwanza niwaambie nilivyokutana na jina lake. Cucu wangu anakaa Ruiru. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba moyo wake unarukaruka: unapiga, unanyamaza kidogo, halafu unapiga kwa kishindo. Jirani yake, mama wa rika lake, alikuwa na lalamiko kama hilo na tayari alikuwa anameza dawa. Basi wazee wetu hawa wawili wakaketi wakashauriana. Ikiwa ugonjwa ni mmoja, mbona wasigawane vidonge? Mama yangu alipotokea, Cucu alikuwa ameshafungiwa vidonge vinne kwa karatasi. Mama akavirudisha kwa mwenyewe, akaomba pia karatasi ya kipimo cha yule jirani, akampandisha Cucu matatu mpaka Thika. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba mkoba. Huko hospitali Cucu akapimwa kwa ile mashine ya kuchora umeme wa moyo, ECG. Daktari kijana akaziweka karatasi mbili mezani. Kumbe hazikufanana hata kidogo! Alipokuwa akitueleza, alitaja jina la Thomas Lewis, nami nikaenda kulitafuta.

Thomas Lewis alizaliwa tarehe 26 Desemba 1881 huko Taffs Well, karibu na Cardiff, nchini Wales. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi. Afya ya kijana huyu haikuwa nzuri, na shule aliyopelekwa hakukaa zaidi ya mwaka mmoja. Mwalimu wake wa kwanza na wa muda mrefu alikuwa mama yake mzazi, pale pale nyumbani. Hata hivyo, alipotimiza miaka 16 aliingia chuo kikuu Cardiff, na mwaka 1902 akaenda London katika hospitali ya University College kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1905 akiwa na medali ya dhahabu. Hospitali hiyo hakuihama tena mpaka kufa kwake.

Siku hizo daktari aliyetaka kujua habari za moyo alikuwa na vidole vyake, masikio yake na chombo cha kuchora mapigo ya mishipa. Mtu akija na mapigo ya fujo, daktari aliandika kwamba mapigo ni ya fujo, basi. Fujo zote ziliwekwa kapu moja. Palikuwa na Mskoti mmoja, James Mackenzie, aliyekuwa daktari wa kawaida katika mji wa viwanda wa Burnley. Huyu alikuwa amechora mapigo ya wagonjwa wake kwa miaka mingi, ya mkono na ya shingo, akatambua kwamba fujo si za aina moja. Alikutana na Lewis mwaka 1908, na mwaka uliofuata wakaanzisha jarida la utafiti wa moyo. Lakini chombo cha Mackenzie kilichora msukumo wa damu tu. Hakikuweza kuonyesha umeme unaouamrisha moyo upige.

Umeme huo ulihitaji mashine nyingine. Mholanzi Willem Einthoven, aliyezaliwa kisiwani Java mwaka 1860, alikuwa ameitengeneza katika mji wa Leiden. Wale wanaosoma Fizikia wanaijua galvanomita. Ya Einthoven ilikuwa na uzi mwembamba mno wa kwatzi, uliopakwa fedha na kutandazwa katikati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ukipita, uzi unatikisika, na kivuli chake kinapigwa picha. Si mchezo! Mashine ile ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ilihitaji watu watano kuiendesha, na mgonjwa aliketi mikono na mguu wake vikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Mwaka 1908 Lewis alianza kuandikiana barua na Einthoven, na baada ya muda mfupi akapata mashine yake mwenyewe London.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ili tuielewe, tukumbuke jinsi moyo unavyofanya kazi. Una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Umeme unaanzia katika chumba cha juu cha kulia, mahali ambapo Lewis mwenyewe alisaidia kupathibitisha mwaka 1910. Unaenea vyumba vya juu, unasimama kidogo kwenye mlango wa katikati, kisha unashuka chini kwa kasi. Katika karatasi ya ECG, kilima kidogo cha mwanzo ni cha vyumba vya juu. Mlima mrefu uliochongoka ni wa vyumba vya chini. Kilima cha mviringo kinachofuata ni vyumba vya chini vikipumzika. Karatasi yenyewe ina miraba. Kwa mwendo wa kawaida, miraba mikubwa mitano ni sekunde moja.

Fumbo kubwa la wakati huo lilikuwa wagonjwa ambao mapigo yao hayakuwa na mpango wowote, siku zote, bila kutulia. Mackenzie alikuwa ameona kwamba kwa watu hawa lile wimbi la vyumba vya juu linapotea. Je, vyumba hivyo vimekufa ganzi? Lewis aliwapima. Kile kilima kidogo hakikuwapo, na mahali pake mstari ulikuwa ukitetemeka kama maji ya bwawa yanayopigwa na upepo. Akalinganisha na michoro ya wanyama wa maabara ambao vyumba vyao vya juu vilikuwa vimetiwa mtetemeko. Michoro ikawa ni ile ile. Hata farasi hakuwaacha. Alitafuta farasi wenye fujo hiyo, akawapima, akauangalia moyo kwa macho yake. Mwaka 1909 akatangaza kwamba fujo hii ya kila siku hutokana na mtetemeko wa vyumba vya juu. Mwaka huo huo wataalamu wawili wa Vienna, Rothberger na Winterberg, walifikia jibu hilo hilo.

Labda utauliza, kwani kuna faida gani kujua fujo ni ya aina gani? Rafiki yangu, faida ipo, tena kubwa. Chukua mtu anayehisi pigo moja limeruka. Ukimshika mkono unakuta kweli pigo limekosekana. Lakini chanzo chake huweza kuwa kimojawapo cha viwili. Huenda pigo moja limekuja kabla ya wakati wake, wakati moyo haujajaa damu, likawa hafifu hata lisifike mkononi. Kwenye karatasi utaliona limejipenyeza mapema, na baada yake kuna kimya. Au huenda vyumba vya juu vimepiga sawasawa kwa wakati wake, lakini umeme ukakwama mlangoni. Hapo karatasi inaonyesha kilima kidogo kisichofuatwa na mlima. Mkononi mambo haya mawili ni mapacha. Kumbe la kwanza mara nyingi halina hatari kwa mtu mwenye moyo mzima, na la pili linaweza kuwa dalili kwamba njia ya umeme inaharibika. Ukimpa mtu huyu wa pili dawa ya kupunguza kasi ya moyo, unaweza kumzidishia balaa.

Tena kuna mapigo ya haraka. Vyumba vya juu vikizunguka kwa mpango, mara 300 hivi kwa dakika, mstari unakuwa kama meno ya msumeno, na mara nyingi vyumba vya chini vinajibu sawasawa, karibu mara 150. Lakini vikitetemeka ovyo, meno hayo hayapo na milima haina nafasi sawa. Jicho likidanganyika, kuna ujanja ambao hata sisi tunauweza. Chukua ukingo wa karatasi nyeupe, weka alama kwenye vilele vitatu vinavyofuatana, kisha usogeze mbele. Alama zikiangukia vilele vingine, mapigo ni ya mpango. Zikikataa kila unaposogeza, basi ni fujo tupu.

Na wewe kijana usiogope. Mapigo yako yakienda mbio kidogo unapovuta pumzi na kupungua unapoitoa, huo si ugonjwa. Mackenzie na Lewis walisisitiza jambo hili, kwa sababu vijana wengi wazima walikuwa wakilazwa kitandani bure.

Lewis aliandika yote haya katika vitabu. Cha mwaka 1911 kuhusu utaratibu wa mapigo ya moyo aliwatunukia Mackenzie na Einthoven, na mwaka 1913, mwaka ule ule reli ilipofika Thika, akatoa kitabu cha kuwafundisha madaktari kusoma ECG.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, maelfu ya askari walirudishwa kutoka mstari wa mbele wakihema na mioyo ikiwadunda. Lewis aliwapokea katika hospitali ya kijeshi huko Hampstead, halafu Colchester. Kazi ilikuwa ile ile, kutenganisha vinavyofanana: nani moyo wake ni mgonjwa, na nani moyo wake ni mzima ila mwili umechoka? Wale wazima hakuwalaza. Aliwapa mazoezi ya kupanda ngazi kwa ngazi, na wengi wakapata nafuu. Mwaka 1921 alipewa cheo cha Sir.

Sasa msidhani huyu bwana hakukosea. Umeme wa moyo ukishuka chini unapita njia mbili, tawi la kulia na tawi la kushoto. Tawi moja likiziba, mlima katika karatasi unapanuka. Lewis, akifuata majaribio yaliyofanywa kwa mbwa, alifundisha ni umbo gani ni la kulia na lipi ni la kushoto. Ulimwengu mzima ukamfuata. Lakini alikuwa amegeuza! Kwa miaka karibu ishirini kulia kuliitwa kushoto, na kushoto kukaitwa kulia. Kosa hilo lilisahihishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kundi la Michigan, Marekani, lililoongozwa na Frank Wilson. Na Wilson ni nani? Ni daktari aliyefanya kazi chini ya Lewis kule Colchester. Mimi nimeona hapa kuna somo kuliko medali zote alizopata. Bingwa wa kutenganisha alichanganya, na aliyemsahihisha alikuwa mtu aliyejifunza kwake kuangalia mwenyewe bila kukubali maneno matupu.

Kosa lake jingine lilimgusa mwilini. Lewis alikuwa mvutaji wa sigara wa kupindukia, zipatazo 70 kwa siku. Mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 45, moyo wake mwenyewe ulimpiga mweleka. Alitambua kwamba sigara inadhuru mishipa ya damu, jambo ambalo madaktari wengi wa siku hizo hawakulijali, akaacha. Aliendelea na utafiti wa mishipa ya ngozi na wa maumivu kwa miaka mingine 18. Tarehe 17 Machi 1945 ugonjwa huo huo wa moyo ulimwua nyumbani kwake Rickmansworth, Uingereza. Alikuwa na miaka 63.

Turudi Ruiru. Karatasi ya Cucu ilionyesha mapigo ya mapema, yale yanayojipenyeza, na moyo wake ulikutwa mzima. Alituliwa mzigo wa hofu, akapewa tarehe ya kurudi kuangaliwa. Ya jirani yake ilikuwa ule mtetemeko wa Lewis, bila kilima kidogo, mstari ukitikisika. Leo tunajua kwamba mtetemeko huo huifanya damu igande ndani ya moyo, na huongeza hatari ya kiharusi mara tano hivi. Kwa hiyo vidonge vyake vingine ni vya kuzuia damu isigande. Hebu fikiria kama Cucu angevimeza vile vinne, na jirani akakaa siku mbili bila dawa yake! Wote wawili wangeumia kwa ajili ya wema.

Jambo la mwisho, ndugu msomaji. Hapa kwetu mtetemeko huo si wa wazee peke yao. Vijana pia huupata, hasa wale ambao koo lao liliuma utotoni, halikutibiwa vizuri, na baadaye maradhi yakashuka kwenye milango ya moyo. Koo likikuuma sana na homa juu, usinyamaze hapo bwenini, nenda ukaonwe. Na ukisikia mtu akisema ugonjwa wake ni kama wa fulani, mwambie aende akapimwe, karatasi iseme. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.