Maisha ya Frederick Law Olmsted, Mtengeneza Bustani za Watu Wote

Wako watu ambao majina yao hukumbukwa kwa ajili ya vita walivyoshinda, na wako wengine wanaokumbukwa kwa ajili ya nyumba kubwa walizozijenga. Leo twataka kuwasimulia habari za mtu anayekumbukwa kwa miti, majani, maji na njia za kutembelea. Yeye alisadiki kwamba bustani iliyopangwa vema husaidia kuponya mwili na akili ya mwanadamu, na ya kuwa maskini anaihitaji kuliko tajiri.

Bwana Frederick Law Olmsted alizaliwa tarehe 26 Aprili 1822 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mfanya biashara. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka 4. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipenda mno kutazama sura ya nchi, tena alikuwa na desturi ya kuwachukua jamaa zake safarini ili waone milima, mito na misitu. Ndivyo mtoto alivyojifunza tangu udogo wake jinsi moyo unavyotulia mbele ya mandhari nzuri, hata pasipo mtu kusema neno.

Alipokuwa na miaka 14 alidhuriwa macho na mti wenye sumu, hata njia ya kwenda chuo kikuu ikafungika. Basi akajaribu kazi nyingi. Alikuwa karani wa duka katika New York. Mwaka 1843 akapanda merikebu kwenda China, akarudi mwaka uliofuata hali amedhoofika kwa ugonjwa wa kiseyeye. Kisha akawa mkulima katika Staten Island, na huko akajua namna ya kukausha shamba lenye maji kwa kufukia mabomba ya udongo uliochomwa. Mtu akimtazama siku zile angaliweza kudhani kwamba ni kijana asiyetulia. Walakini maarifa hayo yote yalimfaa baadaye.

Mwaka 1850 alikwenda Uingereza pamoja na ndugu yake John na rafiki yao mmoja, wakatembea kwa miguu. Walipofika Birkenhead, ng'ambo ya mto mkabala wa Liverpool, mwoka mikate mmoja akawashauri wasiondoke bila kuiona bustani mpya ya mji. Bustani ile ilitengenezwa na Bwana Joseph Paxton, ikafunguliwa mwaka 1847. Bwana Olmsted alistaajabia uzuri wake, lakini jambo lililomgusa zaidi ni kwamba watu wa kila cheo waliingia humo bila kuzuiwa, mkulima na mtumishi sawasawa na mkubwa. Alikumbuka kwamba miji ya kwao haikuwa na mahali kama pale.

Baada ya hayo alisafiri katika majimbo ya kusini ya Marekani tangu mwaka 1852, akapeleka habari kwa gazeti moja la New York. Akaonyesha waziwazi jinsi utumwa ulivyowaumiza watumwa, na jinsi ulivyoiharibu nchi yenyewe.

Wakati huo mji wa New York ulikuwa umejaa watu kupita kiasi. Jamaa nyingi zililala katika vyumba visivyo na dirisha, na kipindupindu kiliushambulia mji mwaka 1832, tena mwaka 1849. Matabibu wengi walifikiri kwamba maradhi hayo hutoka katika hewa mbaya ya vinamasi, ndiyo maana waliomba mji upewe bustani kubwa iwe kama mapafu yake. Leo twajua kwamba kipindupindu huletwa na maji yaliyochafuliwa. Sababu waliyoitaja ilikuwa na kosa, lakini hawakukosea walipoona kwamba mwanadamu hudhoofika asipopata nafasi, kivuli na utulivu.

Mwaka 1857 Bwana Olmsted akawekwa kuwa msimamizi wa kazi katika uwanja uliochaguliwa. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Bwana Calvert Vaux, fundi wa kuchora majengo, wakatoa ramani yao katika shindano, nayo ikapewa ushindi juu ya ramani nyingine zaidi ya 30. Hiyo ndiyo Central Park, ambayo leo ina eka 843.

Hapa hatuna budi kueleza jambo la huzuni. Uwanja ule haukuwa mtupu. Palikuwa na kijiji kiitwacho Seneca Village, kilichoanzishwa mwaka 1825 na watu weusi walio huru, walionunua viwanja vyao kwa fedha zao. Walikuwa na makanisa na shule, na kwa ajili ya kumiliki ardhi baadhi ya wanaume wao walipata haki ya kupiga kura. Mwaka 1855 wenyeji wake walikuwa kama 225, wakiwamo pia watu waliotoka Ireland. Serikali ya mji iliwalipa wenye viwanja fidia, ambayo wengi waliiona haitoshi, na mwaka 1857 wote wakaondolewa na nyumba zao zikabomolewa. Ramani ya Bwana Olmsted ilikuja baadaye, lakini bustani yake iliwekwa juu ya makao ya watu hao. Kwa miaka mingi habari zao zilisahauliwa, hata wataalamu walipochimba mahali pale mwaka 2011 wakapata misingi ya nyumba na vyombo vya nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Maelfu ya vibarua walipasua miamba kwa baruti, wakakausha vinamasi kwa mabomba, wakachimba maziwa, wakapanda miti na vichaka zaidi ya laki mbili. Kila jambo lilipangwa kwa kumfikiria mtu aliyechoka. Njia zilipindapinda, ili mtembezi asiende mbio kama aendaye kazini. Miti iliwekwa pembeni isitiri majumba na kupunguza kelele. Viwanja vipana vya majani viliachwa wazi, ili macho yapate kupumzika. Barabara 4 za magari ya kukatiza mji zilishushwa chini kama katika handaki, na njia za waendao kwa miguu zikapitishwa kwa madaraja zisikutane na farasi. Maua ya rangi kali yaliyopangwa kwa mistari hakuyapenda sana, kwa kuwa aliona yanavuta macho pasipo kuutuliza moyo.

Alikusudia kwamba kibarua asiyeweza kwenda milimani wakati wa joto apate humo faida ile ile. Walakini hapo mwanzo maskini wengi walikaa mbali, upande wa kusini wa kisiwa, na nauli ilikuwa nzito kwao. Hivyo waliofika kwa wingi ni wenye magari yao. Miaka ilipita kabla bustani haijawa ya watu wote kama ilivyonenwa.

Yeye mwenyewe hakupata raha. Ndugu yake John alifariki mwaka 1857 kwa kifua kikuu. Mwaka 1859 Bwana Olmsted akamwoa Mary, mjane wa marehemu, akawalea watoto wao watatu kama wake. Mwaka 1860 alianguka garini akavunjika paja, na siku chache baadaye mtoto wake mchanga akafa. Alisimamia kazi akichukuliwa machelani, na mguu wake ukabaki mfupi maisha yake yote.

Vita vilipoanza Marekani mwaka 1861, alifanywa katibu mkuu wa shirika la kuangalia afya ya askari. Katika vita vile waliokufa kwa maradhi walizidi waliokufa kwa risasi. Basi akahimiza usafi wa kambi na vyoo, na mwaka 1862 akasimamia merikebu zilizowachukua majeruhi. Mwaka 1865 aliandika juu ya bonde la Yosemite katika California, akieleza kwamba kutazama uzuri wa nchi hupumzisha akili na kurudishia mwili nguvu, na ya kuwa ni wajibu wa serikali kuwalindia raia wote mahali kama hapo.

Tangu hapo alitengeneza bustani katika miji mingi, kama Brooklyn, Buffalo na Boston. Huko Boston palikuwa na kinamasi kilichonuka kwa maji machafu ya mji. Yeye akakigeuza kuwa mahali pa kupokea mafuriko na pa kutembelea pia. Alipanga na viwanja vya hospitali za wagonjwa wa akili, akitaka wapate jua, miti, na nafasi ya kutembea.

Mwaka 1895 akaacha kazi kwa sababu kumbukumbu zake zilianza kupotea. Mwaka 1898 akapelekwa katika hospitali ya McLean karibu na Boston, ambayo yeye mwenyewe zamani alitoa shauri juu ya kuchagua mahali pake. Huko akakaa kama mgonjwa mmojawapo, hata akafariki tarehe 28 Agosti 1903.

Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich alitangaza uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walikuwa na dirisha lililotazama miti, na nusu walitazama ukuta wa matofali. Wale wa kwanza walirudi nyumbani mapema kidogo, tena walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Hivyo jambo alilolisadiki Bwana Olmsted likapata ushuhuda wa hesabu.

Basi, tunapojenga zahanati, shule au nyumba ya wazee, tusikate kila mti ili kupata uwanja mtupu. Tuache kivuli mbele ya dirisha la mgonjwa, tuweke benchi mahali anapoweza kufika kwa miguu yake, na njia iliyo sawa kwa mwenye fimbo. Tena kabla ya kupima kiwanja, tuulize ni nani akaaye pale, asije mtu akapoteza makao yake kwa ajili ya pumziko la wengine.