Oscar Kambona, Msomaji wa Kwanza wa Habari za Kiswahili toka London

Siku ya Alhamisi, tarehe 27 Juni 1957, Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC, lilianza kutangaza kwa lugha yetu ya Kiswahili. Aliyesoma habari siku ile hakuwa Mwingereza aliyejifunza Kiswahili vitabuni, bali kijana wa Tanganyika mwenye umri wa miaka 28, aliyekwenda London kusomea sheria. Jina lake Oscar Salathiel Kambona.

Alizaliwa mwezi wa Agosti 1928 katika kijiji cha Kwambe, karibu na Mbamba Bay, pwani ya ziwa Nyasa. Baba yake, David Kambona, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa nchi zile kupewa daraja ya ukasisi katika misioni ya Kianglikana. Mtoto akatiwa shule ya misioni huko Liuli, kisha akapelekwa Dodoma, na baadaye Tabora. Husimuliwa ya kuwa karo ya shule ilipokuwa shida nyumbani, kijana alisimama mbele ya askofu Mwingereza akaisema Sala ya Bwana kwa Kiingereza toka mwanzo hata mwisho, na askofu akakubali kumlipia. Walimu wa katekisimu watafurahi kusikia ya kuwa kukariri vema kuliwahi kumfungulia mtu njia. Naona pia kwamba tangu utoto huyu bwana alikuwa mtu wa kusimama na kusema.

Hata alipokuwa mwalimu, chama cha TANU kikazaliwa Dar es Salaam mwaka 1954, kikiongozwa na Julius Nyerere. Kambona akaacha kazi ya ualimu yenye mshahara, akaingia kuwa katibu wa chama ambacho mfuko wake ulikuwa mtupu. Kazi yake ilikuwa kusafiri, kufungua matawi na kuandika wanachama. Mwaka 1957 akaenda Uingereza kusoma.

Na sasa tuulize, kwa nini Waingereza walitaka kusema nasi kwa Kiswahili mwaka ule? Haikuwa kwa mapenzi ya lugha tu. Tangu mwaka 1954 redio ya Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, ikiwashambulia wakoloni pasipo kuficha neno. Mwaka 1956 yakatokea mapigano ya Suez, na sauti ya Cairo ikazidi nguvu. Mji kama Tanga haukuwa mbali na maneno hayo. Katika Ngamiani, ambako barabara zimepewa tarakimu badala ya majina, walikaa watu wa bandarini, wa reli na wa mashamba ya mkonge, waliotoka makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mwenye redio hakusikiliza peke yake. Majirani walikuja barazani, na asiyejua kusoma gazeti alizipata habari sawasawa na karani. Serikali ya London ililijua jambo hilo. Mwaka ule ule wa 1957 ikaanzishwa pia idhaa ya Kihausa, na ya Kisomali.

Waingereza kwao walikuwa na idhaa tatu za nchi yao, na kila siku asubuhi, tangu mwaka 1928, ibada fupi ilitangazwa ili wagonjwa na wazee wasioweza kwenda kanisani wapate kuomba pamoja na wengine. Lakini matangazo ya ng'ambo yalitoka katika jumba lingine, ambako watu wa mataifa mengi walipokezana usiku na mchana, kila mmoja kwa lugha yake. Habari ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza, zikafasiriwa, kisha zikasomwa mbele ya kinasa sauti. Msomaji hakuwa na ruhusa ya kuongeza neno lake. Basi fikirini: katibu wa chama kilichodai uhuru ameketi katika jumba la Waingereza, akisoma maneno yaliyopimwa na Waingereza, na sauti yake inavuka bahari kwa masafa mafupi, ikipanda na kushuka kama wimbi. Wengine waweza kusema alijiuza. Mimi sioni hivyo. Nchi ilihitaji watu wajuao jinsi habari za ulimwengu zinavyoundwa, na shule ya namna hiyo haikuwako kwetu.

Akarudi, akawa Waziri wa Elimu, kisha wa Mambo ya Ndani, na mwaka 1963 wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Mwezi wa Januari 1964 askari wa Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakawafungia maofisa wao. Rais akafichwa. Kambona ndiye aliyekwenda kambini kusema na askari wenye bunduki, naye hakuwa na silaha ila ulimi. Kwa muda wakatulia.

Lakini urafiki wake na Nyerere haukudumu. Baada ya Azimio la Arusha la mwezi wa Februari 1967, ambalo aliona linakwenda mbio kupita kiasi, alijiuzulu mwezi wa Juni, na mwezi uliofuata akatoka nchini pamoja na jamaa yake, akakimbilia London. Nduguze wawili wakatiwa kizuizini. Mwaka 1970 ikafunguliwa kesi ya uhaini, ambamo Bibi Titi Mohamed alikuwa mmoja wa washtakiwa, na serikali ikamtaja Kambona kuwa kiongozi wa njama. Yeye alikana, wala hakusimama kizimbani, kwa maana alikuwa ng'ambo. Yaliyo kweli yote katika shauri lile Mungu ayajua.

Miaka 25 alikaa ugenini. Mtu ambaye sauti yake ilifika nyumbani kabla ya uhuru, sasa mwenyewe hakuweza kufika. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992 alirudi Dar es Salaam, akaingia tena katika siasa kwa chama cha TADEA, lakini nchi ilikuwa imejaa vijana waliozaliwa baada ya kuondoka kwake, nao hawakumjua. Alifariki London mwaka 1997, miaka 40 baada ya kusoma habari zile za kwanza katika mji ule ule.